Simu ya Mtumishi Isife Mpakani

Mwaka 2023 michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki ilifanyika Huye, nchini Rwanda. Mwaka 2024 ikafanyika Mbale, Uganda, na mwaka 2025 ikafanyika Kakamega, magharibi mwa Kenya. Wananchi husoma matokeo, huhesabu vikombe, kisha hurudi katika shughuli zao. Wachache hufikiri juu ya mwalimu anayefuatana na timu hizo. Yeye ndiye mlezi, mweka hazina na mtoa taarifa kwa wazazi na kwa mkuu wa shule, na kazi hizo zote tatu siku hizi anazifanya kwa simu ya mkononi. Akiwa Musoma au Tarime simu hiyo humtii. Basi likishavuka Sirari na kuingia Isebania, chombo hicho hicho hugeuka saa ya mfukoni.

Jambo hili si dogo, wala si la anasa. Mtoto akiugua usiku ugenini, mwalimu anahitaji kupiga simu na kulipa zahanati papo hapo. Basi likiharibika Kisii, dereva anahitaji fedha za kipuri. Mzazi aliyeko Bunda anataka kusikia kwamba mwanawe amefika salama. Mtumishi wa umma aliyetumwa Kampala, Kigali au Bujumbura kwa kazi ya Taifa yuko katika hali hiyo hiyo, na mgonjwa aliyevuka mpaka kwenda kutibiwa ana shida zaidi. Yafaa basi kueleza kwa nini simu hunyamaza, na nani anayepaswa kuiondolea kimya hicho.

Laini ya simu ni hati ya utambulisho. Ikifika nchi ya pili hubisha hodi katika mtandao wa huko, na mtandao huo huuliza mtandao wa nyumbani: je, mtu huyu mnamtambua, na mtamlipia? Kama kampuni hizo mbili zina mkataba, na kama mwenye simu ameruhusiwa kutumia huduma hiyo iitwayo romingi, mlango hufunguliwa. Kama hakuna mkataba, au huduma haikuwashwa kabla ya safari, mlango hufungwa. Data nayo, kwa kawaida, haitoki moja kwa moja kwenye mnara wa Kakamega kwenda duniani. Hurudishwa kwanza kwenye mitambo ya kampuni ya nyumbani, kisha ndipo hutoka. Kila hatua ya msafara huo ina mwenyewe anayedai ujira, na mwisho wa yote bili humwangukia mwalimu.

Watumishi wengi hukosea hapo. Mtu hununua kifurushi kikubwa nyumbani, akaondoka akiamini kwamba amejiwekea akiba ya njiani. Kumbe kifurushi cha nyumbani, isipokuwa pale kampuni ilipotamka vinginevyo, huishia mpakani, na kinachoanza upande wa pili ni bei nyingine kabisa, ihesabiwayo kwa kila megabaiti. Simu ya kisasa haina subira. Hata ikiwa mfukoni hupokea picha za harusi kutoka kundi la ukoo, husasisha programu zake na kupakia kumbukumbu zake, mwenyewe akiwa amelala. Asubuhi salio limekwisha. Wakazi wa Namanga, Horohoro na Mutukula wana kisa kibaya zaidi: wamelala katika nyumba zao, ndani ya nchi yao, lakini mnara wenye nguvu uko ng'ambo, nayo simu hukimbilia huko. Hawajasafiri hata hatua moja, na wametozwa kama wasafiri.

Malipo ni fundo gumu zaidi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo mtu anaweza kuzunguka kutoka Kigoma hadi Tanga bila noti mfukoni. Muuza samaki ana lipa namba, fundi viatu anayo, na hata mchango wa msiba hukusanywa kwa njia hiyo. Ni maendeleo ya kujivunia, yaliyokuzwa katika ardhi hii. Lakini mwalimu akisimama mbele ya duka Kakamega, akaliona jina lile lile la M-Pesa limeandikwa ukutani, huweza kudhani kwamba amefika nyumbani, naye amekosea. Jina ni moja, bali pochi ni mbili. Moja iko chini ya sheria za Tanzania na ina shilingi za Tanzania. Nyingine iko chini ya sheria za Kenya na ina shilingi za Kenya. Akibonyeza nyota na reli aliyoizoea, huenda menyu ya nyumbani ikafunguka iwapo makubaliano ya kampuni yanaruhusu, lakini kufunguka kwa menyu si sawa na kumlipa mwenye duka wa huko.

Haisemwi kwamba hakuna lililofanyika. Mwaka 2014 Tigo iliwezesha wateja wake wa Tanzania na Rwanda kutumiana fedha kwa simu, na fedha zikabadilishwa humo humo njiani. Mwaka 2015 Vodacom ya Tanzania na Safaricom ya Kenya zikafanya vivyo hivyo. Hizo zilikuwa hatua za kishujaa. Hata hivyo zilijengwa kwa ajili ya mtu kumtumia mtu, ndugu kwa ndugu, wala hazikuwa za msafiri kulipa hoteli, nauli na dawa kama mwenyeji alipavyo. Tena kila ubadilishaji wa fedha una makato yake, moja lionekanalo katika ujumbe na jingine lililojificha ndani ya kiwango cha kubadilishia. Mtumishi anayeangalia lile la kwanza tu hupunjwa na la pili.

Matokeo yake ni kwamba msafiri wa leo hurudi kwenye desturi ya zamani: hubeba noti. Hufika mpakani, akazungukwa na wabadilishaji wa vichochoroni walio hodari wa kuhesabu haraka na kukunja noti katikati. Fedha za masurufu, ambazo ni mali ya umma, hubadilishwa katika mazingira hayo bila stakabadhi. Wenye umri mkubwa katika utumishi wanakumbuka miaka ambayo mtu hakuweza kusafiri bila kibali cha fedha za kigeni kutoka Benki Kuu. Kibali hicho kilikuwa na usumbufu wake, lakini angalau kiliacha karatasi nyuma yake.

Suala hilo la karatasi linastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu ndilo linalowaumiza walimu kimyakimya. Anaporudi, mwalimu hutakiwa kurejesha masurufu. Alilipa chakula cha wanafunzi kwa kumwomba mwenyeji mwema atumie simu yake, kisha akamrudishia noti. Ujumbe wa malipo umebaki katika simu ya mwenyeji, kwa jina la mwenyeji, kwa shilingi za nchi nyingine. Mhasibu hawezi kulaumiwa akiukataa, na mwalimu hawezi kulaumiwa kwa kukosa mwingine. Hata hivyo deni huandikwa dhidi ya jina la mwalimu, na hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyeiba senti.

Yote haya yanatokea katika eneo ambalo lilikwisha kuwa na shilingi moja. Hadi mwaka 1966, kila nchi ilipoanza kutoa fedha zake, mtu wa Moshi alinunua mkate Nakuru kwa sarafu ile ile aliyotoka nayo nyumbani. Posta na simu za nchi tatu ziliendeshwa na shirika moja, ambalo makao makuu yake yaliwekwa Kampala baada ya Mkataba wa mwaka 1967. Shirika hilo lilikufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977, mwaka ule ule Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa. Hapana anayetamani kurudishiwa utawala wa mkoloni kwa sababu ya sarafu yake, iliyotengenezwa kwa manufaa yake mwenyewe. Lakini ni aibu kwamba watu huru, wenye mitambo ambayo wazee wao hawakuiota, washindwe kufanya kwa hiari yao kile ambacho mgeni alikifanya kwa amri.

Tena Afrika Mashariki ndiyo iliyotangulia. Mwezi Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Tanzania na Uganda, wateja wake wakapokea simu bure na kupiga kwa bei za mwenyeji watokapo nchi moja kwenda nyingine. Ulaya ilikuwa haijafika hapo. Jumuiya ya nchi za Ulaya ilianza kudhibiti bei hizo mwaka 2007, na ilipofika tarehe 15 Juni 2017 ikafuta nyongeza kwa wasafiri wa nchi wanachama, data ikiwa ndani. Walichukua miaka kumi, hatua kwa hatua, kwa sheria iliyozibana kampuni zote kwa pamoja. Huku kwetu, uamuzi wa kampuni moja ulibaki kuwa uamuzi wa kampuni moja. Mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda, na Sudan Kusini pamoja nazo, zilianzisha Eneo Moja la Mtandao kwa simu za sauti, na bei ikashuka mara moja. Somo ni kwamba bei hizo hazikuwa sheria ya maumbile. Zilishuka siku serikali zilipoamua zishuke.

Kinachokwamisha kinajulikana. Kampuni hutozana bei kubwa za jumla kwa wageni wao, kwa kuwa mgeni hana pa kukimbilia wala hapigi kura. Baadhi ya serikali nazo zimezoea ada za simu zinazotoka nje na huona vigumu kuachia mrija huo. Kwa upande wa fedha, benki kuu zina hofu ya haki: fedha chafu, utakatishaji, na sarafu kuvuka bila kuhesabiwa. Lakini hofu hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama fedha hazikuwa zikivuka sasa hivi katika soksi na mikoba. Malipo ya simu huacha jina, saa na kiasi. Noti iliyokunjwa haiachi kitu.

Msingi wa kujengea upo. Nchini Tanzania, laini zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu zoezi lililoanza mwaka 2019, na Benki Kuu imejenga mfumo wa malipo ya papo kwa papo unaounganisha benki na kampuni za simu. Benki kuu za Afrika Mashariki zina mfumo wa pamoja wa malipo tangu mwaka 2013, ingawa umekuwa chombo cha benki kuliko cha mwenye simu. Sarafu moja ya Jumuiya, iliyokusudiwa mwaka 2024, imesogezwa hadi 2031. Msafiri hawezi kuingoja. Kuunganisha mifumo iliyopo, ili lipa namba ya upande mmoja isomeke upande wa pili kwa kiwango cha kubadilishia kinachoonyeshwa kabla ya kubonyeza namba ya siri, hakuhitaji sarafu moja. Kunahitaji mamlaka za mawasiliano na benki kuu kukaa meza moja na kupangiana tarehe. Jumuiya leo ina wanachama wanane, na kila atakayebaki nje ya mpango huo ataacha tundu katika wavu.

Wakati hayo yakisubiriwa, watumishi nao wasikae kama abiria. Huduma ya romingi huulizwa na kuwashwa kabla ya kuondoka, kwa sababu kuiwasha kutoka upande wa pili mara nyingi huhitaji ule ule mtandao uliokataa. Bei ya megabaiti huulizwa kwa nchi iendewayo, si kwa jumla, na kifurushi cha safari hununuliwa pale kinapopatikana. Data ya romingi huzimwa mpaka ihitajike. Anayekaa zaidi ya siku chache hupata nafuu kwa kusajili laini ya huko kwa pasipoti, na kupitia laini hiyo kulipa kwa pochi ya huko. Lakini laini ya nyumbani isitupwe kwenye begi, kwa maana namba za uthibitisho za benki hutumwa kwenye laini hiyo, na asiyeipokea hufungiwa nje ya akaunti yake mwenyewe. Mwenye kadi ya benki aiarifu benki yake safari yake. Waishio mpakani wachague mtandao wa nyumbani kwa mkono, badala ya kuiachia simu ijichagulie.

Waajiri wana sehemu yao pia. Haifai kumpa mwalimu wanafunzi, bendera na barua ya utambulisho, kisha gharama za mawasiliano zikaachwa juu ya mshahara wake. Ziwekwe katika makadirio ya safari, kama zinavyowekwa nauli na posho ya kujikimu. Maafisa masuuli nao wangefanya vema kuwapa wahasibu waraka wa wazi unaosema ni ujumbe gani wa malipo ya simu kutoka nchi za Jumuiya utakaokubaliwa katika kurejesha masurufu, uwe na maelezo gani, na kiwango cha kubadilishia kihesabiwe kwa siku ipi. Waraka wa namna hiyo hauna haja ya kusubiri kikao cha wakuu wa nchi. Unaweza kuandikwa na kutiwa sahihi kabla ya timu za shule kuanza kufunga mizigo kwa michezo ijayo.