Staa, Punguza Mbwembwe: Mbogo Haogopi Picha Yako na Magnum

Leo sina habari ya nani kamuacha nani. Leo nina ugomvi, na nitausema wote.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ila mkitulia mtampata wenyewe. Katupia picha kachuchumaa pembeni ya tandala dume, mkononi kashika rivolva kubwa inayong'aa. Maelezo yake chini ya picha ni kwamba kamwangusha kwa hiyohiyo bastola, risasi za magnum zile nzito kabisa, na kwamba bunduki ndefu ni za waoga. Muigizaji mmoja, mshkaji wake wa kila bata, akaja kushangilia na kutangaza kwamba safari ijayo wanaenda kwa mbogo. Komenti zimejaa moto na makofi. Madogo wa vijiweni wameiweka kwenye status.

Mi nasema hivi: hiyo picha ni mojawapo ya mambo mawili. Ni uongo, au ni kosa la jinai. Katikati hapo hamna kitu.

Tuanze na sheria, maana wengi hawaijui. Kumiliki silaha kunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuwinda ni habari nyingine kabisa, ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zake, na wasimamizi kwenye mapori ya akiba ni TAWA. Ukiwa na kibali cha kumiliki bastola, hujapewa leseni ya kuwinda hata digidigi. Na kwenye uwindaji wa Tanzania bastola haikubaliki. Kwa wanyama hatari kama mbogo, simba na tembo, kanuni zinataka bunduki ndefu yenye kaliba isiyopungua .375. Kwa hiyo staa wetu kama kweli kapiga, basi kajianika mwenyewe mbele ya nchi nzima. Kama hajapiga, basi katudanganya kwa mnyama aliyeuawa na mwenzake. Achague.

Sasa tuje kwenye hiyo magnum yenyewe, maana watu wanaimba jina hawajui kitu. Risasi ya .44 Magnum ilitoka Marekani mwaka 1955. Mtu aliyeipigia debe kwa miaka ni Elmer Keith, mfugaji na mwindaji wa kule Idaho, aliyekuwa anajijazia mwenyewe risasi nzito akitafuta bastola ya kumsaidia porini. Huyo alikuwa mtu wa kazi, anapiga shabaha kila siku ya Mungu. Halafu mwaka 1971 ikaja filamu ya Dirty Harry, Clint Eastwood kaishika rivolva hiyo, na dunia nzima ikaitaka. Staa wetu yeye kairithi filamu. Mazoezi ya Keith kayaacha hukohuko.

Tufanye hesabu kidogo. Risasi ya kawaida ya .44 Magnum ina uzito wa gramu kama 15 na nusu, na inatoka na nguvu ya juli kama 1,300 hadi 1,400. Risasi ya .375 H&H Magnum, ambayo ipo tangu mwaka 1912, ina gramu kama 19 na nguvu inayozidi juli 5,500. Hiyo ni mara nne! Wamarekani hawakukaa kimya, mwaka 2003 wakatoa rivolva ya .500 Magnum, dude zito kama tofali, na hata hilo halijaifikia bunduki ya mwaka 1912. Sasa nani mwoga hapo? Anayebeba kifaa kinachotosha, au anayebeba kifaa cha kupigia picha?

Najua wapo wadau watakaokuja kusema juli si kila kitu, risasi nzito na ngumu inapenya mpaka ndani hata ikienda taratibu. Kweli kabisa, nakubali. Ila inapenya pale ilipogonga. Na hapo ndipo mzigo wote ulipo.

Bunduki ndefu ina kitako kinachokaa begani, mkono wa mbele unaishikilia, shavu limetulia. Bastola yote ipo kwenye viganja viwili. Ukiijaza risasi nzito zaidi, inaruka zaidi na kelele inazidi. Mtu asiyezoea, akishapigwa mara mbili tatu na huo mshtuko, mwili unaanza kujihami kabla hajavuta kifyatulio. Anafumba macho, anabinya kwa nguvu, mtutu unashuka. Alilenga moyo, kapiga tumbo. Alilenga bega, kavunja mguu. Na ile risasi nzito, kwa kuwa inaenda taratibu, mbali inaporomoka haraka, kwa hiyo makosa ya kukadiria umbali nayo yanaongezeka. Yaani kuongeza nguvu ya risasi hakumtengenezi mpigaji mbovu. Kunamharibu zaidi. Ndiyo maana wawindaji wa bastola wenye akili kule Marekani wanasogea mpaka mita 50 au chini ya hapo, na mnyama akiwa amekaa vibaya wanamwacha aende zake.

Nimesikia pia ile komenti ya "mbona wenzetu wanafanya?" Ndiyo, majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu, kwa masharti yao. Zipo nchi za kusini mwa Afrika ambako wageni wamepiga mpaka mbogo kwa rivolva. Ila kuna kitu picha zao hazionyeshi. Nyuma ya yule mgeni anasimama mwindaji bingwa na bunduki kubwa, tayari kummaliza mnyama mambo yakiharibika. Bastola inapata sifa, bunduki ndefu inabaki nje ya fremu. Halafu wewe wa Dodoma unaangalia simu unasema bastola inatosha.

Kama mnataka ushujaa wa kumsogelea mnyama, hatuna haja ya kwenda Idaho. Mkoa huuhuu tuna Wasandawe, upande wa Chemba na Kondoa, watu waliosifika kwa upinde na mshale wa sumu. Mtu wa upinde anajua silaha yake haifiki mbali, kwa hiyo anasoma nyayo, anasoma upepo, anasubiri. Nendeni Kolo mkaangalie michoro ya miambani, ile ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Pofu wapo, twiga wapo, na watu wapo. Hao hawakuwa na magnum. Walikuwa na subira, kitu ambacho staa wetu hana hata kwenye foleni ya benki.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma hasa. Huyu bwana na mwenzake muigizaji wanataka kwenda kwa mbogo. Mbogo aliyepigwa vibaya hafi na wala hakimbilii kwenye status. Anaingia kichakani, anasimama kimya na maumivu yake, anamsubiri yeyote atakayepita. Staa atakuwa ameshapanda gari anarudi mjini. Atakayepita ni mama anayetafuta kuni, mchunga mbuzi, au mtu wa kurina asali huko pembezoni mwa Swagaswaga au upande wa Rungwa na Kizigo. Sheria inasema ukijeruhi mnyama hatari lazima umfuatilie na utoe taarifa. Aliyeenda na silaha isiyoruhusiwa atatoa taarifa kwa nani? Atanyamaza. Na familia ikishazika, serikali itatoa kifuta machozi, wakati mwenye kosa anatoa ngoma mpya.

Hata huyo tandala tusimsahau. Mnyama akipigwa tumboni anaweza kutembea saa nyingi na maumivu kabla ya kuanguka mahali ambapo hakuna atakayemwona isipokuwa fisi. Mwindaji halali akijeruhi na kupoteza mnyama anahesabiwa kwamba kaua, na analipia. Mwenye bastola ya maonyesho halipii kitu, anatafuta mwingine wa kupiga naye picha.

Halafu madogo wanaangalia. Kijana wa Ihumwa hatapata rivolva ya Kimarekani, ila gobore la kienyeji lipo, na sasa ameshafundishwa kwamba kinachotakiwa ni mlio mkubwa na roho ngumu. Ataenda porini, atakamatwa, atafungwa, na hakuna staa atakayeenda kumtolea dhamana. Tusijidanganye.

Kwa hiyo ujumbe wangu kwa staa ni mfupi. Futa ile picha. Waambie mashabiki nani alimpiga yule tandala na kwa silaha gani. Ukitaka kuwinda kweli, lipia leseni, chukua bunduki inayotakiwa, ongozana na mwindaji bingwa, na kabla ya yote jifunze shabaha kwenye karatasi mpaka uchoke. Na wewe muigizaji, mbogo hana "kata, turudie".

Wadau, hasa nyie mlioko karibu na mapori na wale mliowahi kufanya kazi ya uaskari wa wanyamapori, shusheni komenti hapo chini. Mashabiki wa staa nanyi karibuni, matusi nitayafuta ila hoja nitajibu. Nianzie hii: kama kweli kapiga kwa bastola, mbona kwenye picha hamna video?