MANENO YA KARANI: Waipa na Daftari la Jumamosi



Juma hili nataka kusema nanyi juu ya kitu kidogo ambacho watu hawakikumbuki mpaka siku wanapokihitaji. Kitu hicho ni waipa za motokaa, yaani ile mikono miwili yenye raba inayofuta mvua katika kioo cha mbele. Najua mwingine atasema, "Karani, mimi sina motokaa. Nina jembe na baiskeli. Waipa zanihusu nini?" Ngoja, ndugu yangu. Siku mkeo atakaposhikwa na uchungu usiku wa manane, au mwanao atakapochomwa na homa, utapanda gari la mtu mwingine. Siku hiyo waipa zitakuhusu sana.

Parokia yetu, huku milimani Mbinga, ina Land Rover ya zamani, ya mwaka 1974. Ni ya namna ile iitwayo Series III, iliyotengenezwa Uingereza tangu 1971 hata 1985. Imebeba saruji ya kanisa, mahindi ya shule, wagonjwa na majeneza. Kazi yangu kila Jumamosi ni kuikagua na kuandika katika daftari: matairi, maji, oili, breki, taa, waipa. Mbele ya kila neno naandika "nzima" au "mbovu", kisha natia sahihi.

Mwezi Mei mwaka jana, mvua zikiwa zinaisha, Padre aliniambia, "Karani, waipa zinakwenda kwa shida. Zitazame." Nikajibu, "Ndiyo, Padre." Lakini jua likawaka, kahawa ikaiva, kazi zikawa nyingi. Nani hufikiri mvua wakati wa kiangazi? Basi kila Jumamosi nikapima hewa ya matairi na oili, na mbele ya neno waipa nikaandika "nzima" bila kugusa swichi. Tangu Juni hata Novemba niliandika hivyo Jumamosi 26. Nimezihesabu mwenyewe.

Mwanzoni mwa Desemba, usiku wa mvua kubwa, simu ililia. Mama mmoja wa kigango cha mbali alikuwa katika uchungu tangu asubuhi, na mkunga alisema apelekwe hospitali upesi. Padre alikuwa safarini. Nikachukua ufunguo. Tulipompakia mama na shangazi yake, nikawasha waipa. Zikapanda mpaka katikati ya kioo, zikatetemeka, zikasimama. Nilisikia mota inavuma, lakini mikono haiendi. Nikazima, nikawasha tena. Safari hii hata kuvuma hakuna.

Tungefanya nini? Tulikwenda. Nikafungua dirisha, mkono mmoja katika usukani, mkono mmoja nje na kitambaa, nikifuta mahali padogo pa kuchungulia. Barabara yetu ni ya udongo mwekundu, upande mmoja mlima, upande mmoja korongo. Nilikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Nyuma yangu mama analia, shangazi anasali Rozari kwa sauti.

Karibu na daraja nilisikia kishindo, nikakanyaga breki. Mtu mmoja alikuwa akikokota baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Bampa ilikuwa imegonga gurudumu la nyuma, na baiskeli ikaanguka. Yeye mwenyewe, kwa rehema za Mungu, alikuwa ameruka mtaroni. Akasimama mbele ya taa, maji yakimtiririka usoni, akaniuliza neno moja tu: "Karani, hukuniona?"

Nikajibu, "Sikukuona, ndugu yangu."

Akatazama ndani, akamwona mama yule. Akasema, "Nenda kwanza. Ya baiskeli tutasema kesho."

Tulifika. Mtoto alizaliwa kabla ya mapambazuko, na mama yake yu hai. Gurudumu nililipa, na ndizi nililipa. Lakini Jumamosi iliyofuata, nilipofungua daftari, nikaona safu ndefu ya "nzima, nzima, nzima" kwa mwandiko wangu mzuri. Hapo nilitambua ya kuwa lililotaka kumwua yule bwana wa baiskeli halikuwa waipa peke yake. Nilikwenda kuungama. Kisha nikatafuta spana.

Fundi wa kwanza mjini aliniambia ninunue mota mpya nzima. Fedha hizo hatukuwa nazo. Nikamwendea mzee mmoja aliyetunza mashine za misioni siku za zamani. Akasikiliza habari yote, akacheka kidogo. "Mwanangu," akasema, "mota yako huenda haina kosa. Ni kama punda aliyetwishwa mzigo usioinuka. Tutazame mzigo kwanza." Mambo aliyonionyesha nayaandika hapa kwa taratibu, ili mwenye gari la namna hii, au kijana anayejifunza ufundi, apate kufaidika.

Kwanza, toa waya mmoja wa betri kabla ya kushika kitu chochote, ile hasi. Waya zikigusana chini ya dashibodi hutoa cheche, na cheche zaweza kuunguza gari.

Pili, toa mikono ya waipa. Usiibandue kwa bisibisi ukiegemeza kioo, maana utapasua kioo. Mkono umekaa juu ya kijiti chenye vijino vidogo, umeshikwa na kibanio. Inua kibanio taratibu, vuta mkono juu. Kabla hujautoa, weka alama ya chaki katika kioo mahali ulipolala.

Tatu, fahamu jinsi nguvu inavyosafiri. Katika Land Rover hii mota ni moja tu, nayo imekaa nyuma ya dashibodi. Inazungusha gurudumu, na gurudumu linasukuma na kuvuta waya mnene ndani ya bomba jembamba. Waya huo umezungushiwa waya mwingine mwembamba, kama uzi wa skurubu. Unapita katika visanduku viwili, kimoja kwa kila mkono, na ndani ya kila kisanduku mna gurudumu dogo la meno. Waya ukienda, meno yanageuka kulia. Waya ukirudi, yanageuka kushoto. Ndiyo maana waipa huenda na kurudi.

Tulifungua kifuniko cha mota, tukaachanisha waya ule, tukauvuta wote nje. Kumbe! Grisi ya zamani ilikuwa imekauka na kuwa kama ulimbo wa kunasia ndege. Huo ndio mzigo wa punda. Tuliosha waya kwa mafuta ya taa, tukapitisha kitambaa ndani ya bomba mpaka kikatoka safi, tukakausha, kisha tukapaka grisi mpya. Bomba lenyewe lisipindwe kwa kona kali, wala nati za visanduku zisikazwe kupita kiasi, maana bomba likibanwa waya utakwama tena.

Hapo mzee akanionyesha jambo lililonipendeza kuliko yote. Gurudumu la meno halizunguki duara zima. Huenda sehemu tu na kurudi, miaka yote. Kwa hiyo meno ya upande mmoja huliwa, na ya upande wa pili hukaa mapya kabisa. Kabla ya kurudisha waya, akageuza kila kijiti nusu duara, ili meno mapya yashike kazi. Gari la mwaka 1974 likapata meno mapya bila shilingi moja. Nikafikiri juu ya watu wengi parokiani ambao tumewaacha upande usiotumika, huku tukiwachosha wale wale kila mwaka.

Nne, mota. Je, kwa nini ilinyamaza mara ya pili? Mota iliyokwama hula umeme mwingi na kupata moto. Tukakuta fyuzi imeungua, nayo ilifanya vema, maana iliokoa mota. Wengine hufunga fyuzi kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya. Usifanye hivyo. Tazama pia waya wa ardhi. Mwili wa Land Rover ni wa aluminiamu na fremu yake ni ya chuma. Mahali vinapokutana huingia kutu ya unga mweupe, na umeme hukosa njia. Kwangua kwa msasa mpaka ing'ae, kisha kaza.

Tano, na hapa ndipo wengi hukosea: usirudishe mikono kwanza. Rudisha waya wa betri, washa mota ikiwa haina mikono, iache iende mara kadhaa, kisha izime kwa swichi yake yenyewe. Itasimama mahali pake pa kupumzikia. Ndipo uweke mikono, ukifuata ile chaki yako. Ukiiweka kabla, huenda ikagonga fremu ya kioo au kugongana.

Sita, mwagia kioo maji kabla ya kujaribu. Raba ikifuta kioo kikavu chenye vumbi, hukwaruza kioo na kujiharibu yenyewe. Raba nayo haidumu. Jua huifanya ngumu na kuipasua hata kama mvua hainyeshi. Mimi nilijaribu kukata raba ya tyubu ya baiskeli, nikapata ukungu mtupu kiooni. Raba halisi za waipa si ghali. Zinunue.

Na ukikutwa na mvua njiani, waipa zimekufa? Madereva wa zamani hukata kiazi ulaya na kukisugua kiooni kwa nje, na maji hutelemka vizuri zaidi kwa muda mfupi. Ni msaada wa kukufikisha mahali pa kusimama. Lakini kama hakuna roho ya mtu inayongoja hospitali, simama mpaka mvua ipungue.

Yafaa pia mjue asili ya chombo hiki. Mama mmoja wa Marekani, Mary Anderson wa Alabama, alipokuwa New York wakati wa theluji, aliona jinsi madereva wa tramu walivyosumbuka kwa kioo kilichofunikwa. Akabuni mkono wenye raba, uliovutwa na dereva kwa wenzo kutoka ndani, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1903. Hakuwa fundi wa magari. Aliona shida ya mtu, hakupita tu. Mimi niliambiwa shida na Padre kwa mdomo wake, nikapita mara 26.

Wasomaji wapendwa, sisi sote tuna daftari la Jumamosi. Baba anaandika "nzima" juu ya paa la nyumba kwa sababu ni kiangazi. Mama anaandika "nzima" juu ya kikohozi cha mtoto kwa sababu leo hakikohoi sana. Kijana anaandika "nzima" juu ya breki za pikipiki. Na moyoni, kabla ya kulala, tunaandika "nzima" bila kugusa swichi. Mvua haisomi daftari. Ikinyesha, inauliza kitu chenyewe.

Sasa parokia yetu imepata desturi mpya. Tarehe 25 Julai, wengi wetu tunapomkumbuka Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, Padre hubariki magari, pikipiki na baiskeli. Mwaka huu, kabla ya maji ya baraka, nilisimama mlangoni na ndoo ya maji ya kisima. Kila gari lilipofika nikamwaga maji kiooni nikamwambia dereva, "Washa waipa." Magari yaliyokuja yalikuwa saba, na matatu hayakuweza kufuta hata tone. Wenyewe waliona haya, lakini juma lile lile yalitengenezwa, jua likiwa bado linawaka.

Yule bwana wa baiskeli alikuwapo. Alisimama kando yangu akitazama, kisha akachukua ndoo ya pili akaenda kisimani kuijaza.

Kwaherini, tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.

Ni mimi,
Karani wenu