Mashini gani ya kuanzia blanketi za vipande?



Vikundi vingi vinatuuliza swali moja: likelemba yetu imefika, tunataka kuanza kushona blanketi za vipande vya vitenge, tununue mashini gani? Tunajibu juma hili, maana feza hiyo ni jasho la watu wengi, na ikipotea kwenye mashini mbovu kikundi chenyewe kinaweza kuvunjika.

Tuangalie kazi kwanza. Blanketi ya vipande ina tabaka tatu: juu vitenge vilivyounganishwa, katikati blanketi nyembamba ya zamani, chini kitambaa kizima. Kazi hiyo yote inataka mshono mmoja tu, ule wa kunyooka. Muuzaji akiwasifia mashini yenye mishono ya maua na mapambo, mumwache aseme. Kinachotakiwa ni nguvu ya kupita tabaka zote tatu bila kuruka mshono.

Sisi tunapendelea mashini ya chuma ya kukanyaga kwa miguu, zile nyeusi kama Butterfly ya China au Singer. Haingoji umeme, na mikono yote miwili inabaki huru kuongoza kitambaa. Ile ya kuzungusha kwa mkono inabebeka vizuri, lakini mkono wa kuume unakaa kwenye gurudumu, na wa kushoto peke yake unashindwa na uzito wa blanketi. Kwa vipande vidogo inatosha.

Kwa Singer za zamani sana muwe na macho. Fungua kifuniko cha chini uone bobini. Kama ni nyembamba na ndefu, inakaa ndani ya kijumba chenye umbo la mtumbwi, waza mara mbili: inashona vizuri, lakini bobini zake ni shida kupata. Chukueni ile ya bobini ya duara, ambayo mafundi wengi wanayo.

Mashini ya umeme? Kama mtaa wenu una umeme wa kutegemea, sawa. Lakini mgeuze msome kibati chake. Kwetu umeme ni volti 220. Mitumba iliyotoka Marekani huandikwa 110 au 120, na ukiichomeka bila transfo mota inaungua. Zile kubwa za viwandani tunazikataa kwa mtu anayeanza. Zinakimbia kuliko vidole vyake.

Msinunue kwa macho. Nendeni dukani na vipande viwili vya kitenge, kipande cha blanketi, uzi wenu na sindano mpya namba 16. Zungusheni gurudumu polepole kwa mkono: likikwama mahali pamoja kila mzunguko, kuna kitu kimepinda. Kisha mshone tabaka zote, mgeuze kitambaa. Uzi ukifanya vitanzi chini, mwambie muuzaji apitishe uzi wa juu upya na aukaze. Vitanzi vikibaki, ondokeni, hata kama bei ni tamu. Na mwende na mama anayeshona tayari. Soda moja ya kumshukuru ni bei ndogo.

Mafuta yawe ya mashini. Mawese au mafuta ya kupikia yanaganda ndani na kufunga chuma.

Kabla ya kulipa, kikundi kiandike kwenye daftari: mashini italala kwa nani, nani ana siku gani, na nani analipa sindano ikivunjika. Tumeona mashini nzuri ikigeuka kuwa mali ya nyumba moja kwa sababu hakuna aliyetaka kuuliza mapema. Wekeni pia feza kidogo kando kwa ajili ya mkanda wa ngozi, ambao hulegea na kukatika.

Juma lijalo: kukata vipande vilingane, na kwa nini vitenge vyekundu vifuliwe kabla ya kushonwa na vyeupe. Anzeni kuomba mabaki kwa mafundi wa mtaa.