Bendi ya shule si adui wa mtihani

Mzazi mwenzangu, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Kijana wangu alipoingia darasa la sita nilimkataza kwenda mazoezi ya bendi ya shule. Alikuwa akipiga ile ngoma ndogo inayobebwa kwa mkanda. Nikamwambia, "Mwanangu, mtihani wa taifa hauna swali la ngoma." Akajibu, "Sawa, baba," akarudisha vijiti kwa mwalimu.

Nilidhani saa hizo zingeingia kwenye hisabati. Hazikuingia. Alizimaliza akiwa amekaa barazani, akisikiliza wenzake wakifanya mazoezi. Alama zake zilibaki palepale.

Kila ninapokutana na wazazi, Ngara hata Biharamulo, nasikia maneno yaleyale: "Sikumpeleka shule akapige ngoma." Wengine nao husema muziki humwongezea mtoto akili. Tupime yote mawili.

Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliandika kwamba wanafunzi wa chuo waliosikiliza muziki wa Mozart walifanya vizuri zaidi jaribio la kufikiri kwa maumbo. Habari zikavuma kwamba muziki huongeza akili. Lakini faida ile ilidumu dakika 10 hadi 15 tu, na waliopimwa hawakuwa watoto.

Mwaka 2004 Glenn Schellenberg wa Canada alitoa matokeo ya watoto 144 wa miaka sita. Wengine walijifunza kinanda, wengine kuimba, wengine maigizo, na wengine hawakupewa somo lolote la ziada. Baada ya mwaka mmoja vipimo vya akili vilipanda kwa wote. Waliojifunza muziki waliwazidi wenzao kwa alama chache tu.

Kwa hiyo tusidanganyane: muziki si dawa ya hisabati. Lakini watoto wale hawakurudi nyuma kwa sababu ya muziki. Hofu yangu haikuwa na msingi.

Muziki una thamani yake wenyewe, na unaweza kuwa kazi ya maisha. George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, alikuwa mwanamuziki katika jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baadaye akawa mwalimu wa muziki nchini Kenya, akachunguza nyimbo na ala za makabila ya huko, na mwaka 1986 kikatoka kitabu chake, Folk Music of Kenya. Kutoka bendi hadi ualimu, kutoka ualimu hadi utafiti.

Mwaka 1963 alikuwa mmoja wa watu watano waliopewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa wa Kenya. Mwingine alikuwa Washington Omondi, ambaye baadaye alipata shahada ya uzamivu London kwa kuchunguza muziki wa nyatiti ya Waluo. Mwaka 1982 aliongoza tume ya rais kuhusu muziki nchini humo.

Na sauti ya wimbo ule wa taifa waliitoa wapi? Kwenye wimbo ambao akina mama wa Kipokomo huwabembelezea watoto wao. Wasomi walianzia mgongoni kwa mama.

Basi wiki hii tufanye mambo matatu. Kwanza, tuzungumze na mwalimu wa bendi tupange siku za mazoezi, ili siku nyingine zibaki za masomo. Pili, tumuulize ana upungufu gani. Mara nyingi mwalimu huyu ana vipindi vyake vya kawaida, na bendi anaifundisha jioni kwa moyo tu. Ngozi ya ngoma iliyopasuka wazazi watano wanaweza kuinunua. Tatu, tumtume mtoto kwa bibi yake akajifunze wimbo mmoja wa kubembeleza, wa Kihangaza, Kisubi au lugha yoyote ya nyumbani. Aandike maneno yake na aulize maana yake. Huo nao ni utafiti.

Mimi nilirudi kwa mwalimu kuomba msamaha. Nafasi ya ngoma ndogo ilikuwa imeshachukuliwa na mtoto mwingine, na ilikuwa haki. Kijana wangu amepewa ngoma kubwa, Jumatano na Ijumaa. Siku zilizobaki ni za hisabati, na sasa anaifanya bila kununa.