Mpira wa Rejeta Si Bomba la Petroli, Fundi Wangu

Leo sina utani. Nagombana na watu wawili: fundi anayekata bomba la chuma la petroli chini ya gari na kuweka mpira kutoka tangi mpaka injini, na mwenye gari anayemwambia, "Fanya tu hivyo, bora itembee." Huyo wa pili ninamjua vizuri. Ni baba yangu.

Mzee ana pikapu ya Peugeot 504. Chekeni mkimaliza niendelee. Hiyo 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na wazazi wenu wamebanwa kwa 504 za matatu mpaka magoti yakafa ganzi. Ya mzee hubeba ndizi, mbao, mbolea, na ikifika siku ya matanga, hubeba kila mtu.

Mwaka jana ikaanza tabia. Kwa tambarare iko sawa. Ikianza kupanda kutoka Kiboswa kuelekea Majengo, inakohoa, inakosa nguvu, inazima. Ukingoja dakika kumi, inawaka kama haijafanya kitu. Fundi akasema ni kabureta, ikasafishwa. Akasema ni plagi, zikabadilishwa. Akasema ni pampu, ikanunuliwa mpya, na pesa ya mahindi ikaenda hapo. Na kwa sababu hakukuwa na harufu ya petroli wala tone chini, hakuna aliyeinama kuangalia bomba.

Ebu fikirieni busaa. Mzee ameketi, mrija mrefu mdomoni, chungu katikati. Mrija ukitoboka huko juu, hakuna busaa itakayomwagika. Mzee atavuta hewa tu na kulaumu mpishi. Gari ya kabureta ni hivyo hivyo: pampu iko mbele kwa injini, tangi liko nyuma, na petroli inavutwa. Tundu dogo kama la sindano halivuji, linanyonya hewa. Injini ikihitaji petroli nyingi mlimani, inapata mapovu. Na mpishi anayelaumiwa ni kabureta.

Tundu lilikuwa chini ya klipu inayoshika bomba kwa chasisi. Huko ndiko huanzia, karibu kila mara. Kakamega mvua inanyesha nusu ya maisha yetu, matope mekundu yanaingia katikati ya klipu na bomba, yanakaa hapo na unyevu wake hata siku ya jua. Sehemu nyingine ya bomba unaiona safi, unadanganyika.

Sasa kosa lenyewe. Fundi alipolipata, hakuleta bomba lingine. Alikata lote, akaleta mita kadhaa za mpira wa maji ya rejeta, akafunga na waya wa kuunganishia, akaupitisha kando ya eksozi. Elfu moja na mia tano, pamoja na soda. Gari ikapanda Majengo bila kukohoa. Mzee akamsifu kijiji kizima.

Miezi miwili baadaye tunatoka matangani, mama ameketi mbele, watoto wanane nyuma. Pale Khayega mtu wa boda akagonga dirisha: "Mzee, unamwaga petroli!" Ule mpira ulikuwa umelainika, umevimba, umening'inia chini kuliko tangi, kisha ukapasuka. Sasa petroli haikuhitaji kuvutwa, ilishuka yenyewe. Ilikuwa inadondoka karibu na eksozi iliyotoka kupanda mlima. Tuliteremsha watoto tukiwarusha kama magunia.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini ukitafuta cheche. Mwenye kuchoma mahindi kando ya barabara hana habari kwamba unamfuata.

Najua jibu la mafundi: "Hata gari ikitoka kiwandani ina mpira." Ni kweli. Ina kipande kifupi karibu na tangi na kingine karibu na injini, kwa sababu injini inatikisika na chuma kisichopinda kingevunjika. Na huo ni mpira wa petroli, umeandikwa ubavuni. Tafuteni maandishi SAE J30. Yenye R7 ni ya presha ndogo, kama ya kabureta. Yenye R9 ni ya gari za injekta, ambako pampu iko ndani ya tangi na inasukuma kwa presha ya bar 3 hivi. Hapo tundu la sindano halinyonyi hewa, linapuliza petroli kama dawa ya mbu. Usiniambie mpira ni mpira. Mpira usio na maandishi ni wa kumwagilia sukuma wiki.

Kuna wengine wanaojiona wajanja na bomba la shaba la friji. Linapinda vizuri, linang'aa, unalipenda. Lakini shaba ikitikiswa kila siku kwa murram inakuwa ngumu na kupasuka. Kuna bomba la shaba iliyochanganywa na nikeli, hilo halishiki kutu na unalipinda kwa mkono. Ukilikosa, nunua la chuma lenye kipimo kile kile cha la zamani. Lipite njia ile ile ya kiwandani, mbali na eksozi, lishikwe na klipu zote, si mbili. Miisho ifanyiwe kivimbe ili mpira usichomoke. Toa waya wa betri kwanza. Na fundi, tafadhali, hiyo sigara.

Halafu kuna wale wa Nairobi watakaosema dawa ni kufukuza gari za zamani barabarani. Serikali tayari inakataza kuingiza gari iliyotumika yenye zaidi ya miaka 8, na bado ile uliyoinunua ikiwa na miaka 7 itazeeka hapa hapa, kwa matope haya haya. Probox yako unayoiringia ina bomba la chuma huko chini pia. Umeliangalia lini?

Na mzee wangu, ukisoma hii (najua Brayo atakusomea), usiseme ulikosa pesa. Pampu uliyonunua bure ilikuwa bei ya bomba jipya na kazi yake, na chenji ya nyama ingebaki. Ulibishana na fundi mpaka akakupatia kazi ya bei uliyotaka. Yeye alikosea, lakini wewe ndiye uliyemwambia apunguze.

Kijana mmoja aliyesomea Sigalagala ndiye aliyeweka bomba jipya, asubuhi moja tu. Lile la zamani niliokota vipande vyake pale gereji ya kwanza, viko chumbani kwangu. Palipokuwa na klipu, unaingiza kijiti cha kiberiti na kinatokea upande wa pili. Wiki iliyopita nilimpelekea yule fundi wa kwanza akione. Akakigeuza, akakigeuza tena, halafu akaniuliza hilo jipya tulinunua duka gani.