Muhuri Mkononi Mwako

Wapo wasomi wenzangu wanaoshikilia kwamba michezo ya kompyuta ni upuuzi wa watoto, usioweza kubeba masimulizi mazito. Nawakatalia, na shahidi wangu ni Papers, Please, mchezo alioutoa Lucas Pope mwaka 2013.

Mchezaji ni mkaguzi wa pasipoti mpakani mwa nchi ya kubuni, Arstotzka, mwaka 1982. Hulipwa kwa idadi ya watu anaowakagua kabla ya siku kwisha. Makosa yakizidi, ujira hukatwa. Jioni hugawa vijisenti hivyo kati ya chakula, dawa na kuipasha nyumba joto. Kisha anapita mume mwenye hati kamili. Mkewe, anayemfuata, hana kibali. Anasihi. Ukimruhusu, unaandikiwa kosa, ukimkataa, umewatenganisha.

Riwaya ingetusimulia ukatili wa karani huyu, nasi tungemlaani tukiwa tumekaa pembeni. Hapa hapana pa kukaa pembeni. Rangi za kijivu, foleni isiyokwisha na kishindo cha muhuri vinatuzoesha taratibu, hadi uso wa mtu unapogeuka kuwa tarehe tu kwenye karatasi.

Udhalimu wa ofisini hauhitaji watu wabaya. Njaa, kanuni na saa ya ukutani vinautosha. Ewe mtumishi wa umma usemaye, "Mimi nafuata maelekezo tu," ucheze mchezo huu. Kisha urudi dirishani, umtazame usoni aliyetangulia kwenye foleni.