Mdudu wa Msitu ni Shahidi

Mfalme Sulemani alimwagiza mvivu aende kwa chungu akajifunze bidii. Sisi twaonelea kuwa katika zama hizi za dhahabu, hata mchimbaji mwenye bidii hana budi kwenda kwa chungu na mchwa, apate kujua kazi yake inaiacha nchi katika hali gani.

Katika sehemu za Geita na Kahama, nchi ya misitu ya miyombo, wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha huichoma ile zebaki ili dhahabu ibaki peke yake. Mvuke wake haupotei. Sehemu humwingia mchimbaji mapafuni. Sehemu nyingine hushuka juu ya majani na udongo. Na zebaki iliyobaki katika marudio huchukuliwa na mvua hadi vijitoni.

Hapo ndipo wadudu waingiapo. Mchwa huleta juu udongo wa chini ya ardhi, hata wapimaji wa madini huvipima vichuguu wakitafuta dalili za dhahabu. Basi ikiwa kichuguu chaweza kufichua mali, chaweza pia kufichua sumu. Kiwavi naye hula jani pamoja na vumbi lililoligandia. Sehemu ya madini hayo huitoa kwa kinyesi, na nyingine huivua pamoja na ngozi yake; lakini mengine, kama kadimi, ni wageni wasioaga, hushikwa utumboni wakakaa.

Zebaki ina hila zaidi. Katika matope ya vidimbwi, vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza ikawa sumu kali kupita ile ya kwanza. Watoto wa kereng'ende na wa mbu hukulia humo humo. Wakiota mabawa huitoa sumu majini na kuipeleka nchi kavu. Buibui huwala, ndege humla buibui, na kila hatua sumu huzidi. Mvuvi wa Minamata, kule Japani, ambako maradhi hayo yalitambuliwa rasmi mwaka 1956, hakunywa zebaki. Alikula samaki tu.

Wako wasemao kuwa mdudu ni mdudu tu. Watu hao wamesahau kuwa kumbikumbi ni kitoweo cha wananchi wengi, na kwamba viwavi wa miyombo ni chakula cha ndugu zetu wa Katanga, nchi ya shaba. Wengine hujifariji kwa sufuria. Kuosha huondoa vumbi la nje, lakini hakutoi kilichokwisha kuingia katika nyama. Na moto huua vijidudu vya maradhi, hauteketezi risasi wala kadimi.

Je, twasema kila kumbikumbi ana sumu? La hasha! Mbali na machimbo, chakula hiki ni baraka, na mtu asitishwe kukila. Wala hatusemi wachimbaji wadogo wafukuzwe. Hao ni wananchi wenzetu watafutao riziki, nao ndio wa kwanza kudhurika.

Tusemalo ni hili. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo wataka nchi zenye uchimbaji huu zichukue hatua za kukomesha kuchoma zebaki wazi, kuichoma katika makazi ya watu, na kutia sayanaidi katika marudio yenye zebaki kabla haijaondolewa. Ahadi ya taifa si karatasi ya kufungia maandazi. Mchimbaji apatiwe chombo cha kuunasa mvuke, naye afundishwe kukitumia. Marudio yasimwagwe msituni wala kandokando ya vijito. Na halmashauri zetu, zinapopima maji na udongo karibu na machimbo, ziwapime na wadudu. Udongo hutuambia kilichomwagwa. Mdudu hutuambia kilichokwisha kuingia katika uhai. Majibu yatangazwe vijijini kwa lugha ya wazi, ili mama ajue wapi akusanye kitoweo na wapi asikusanye.

Dhahabu huchimbwa mara moja ikaisha, lakini msitu wataka kulisha vizazi. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Tusichimbe kisima ambacho watoto wetu ndio watakaotumbukia.